Hedifoni Tatu Zenye Kosa Moja

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua mliniacha wapi. Mke wangu, ambaye mtaa mzima humwita Chiriku kwa ajili ya sauti yake, amehamia kwa dada yake na mabegi mawili. Kwa aliyeingia leo, nitasimulia kwa ufupi.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Shule ilipofungwa, niliigeuza nusu ya chumba chetu cha kulala kuwa studio. Chiriku anaimba, mimi narekodi na kumiksi, yaani kuzipanga sauti na ala zikae pamoja.

Kwa muda wa mwaka hivi alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, nyimbo zetu zinaegemea kulia, utadhani mwimbaji amesimama mlangoni anaaga. La pili, akinisemesha mezani simjibu.

La pili niliona ni manung'uniko ya mtu aliyechoka. La kwanza nililijibu mbele ya dada yake. Nilisema huenda ametia nta masikioni. Siku hiyo hiyo mabegi yalishuka kutoka juu ya kabati.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipozivaa hedifoni zangu za zamani kwa makini na kugundua kwamba kweli, upande wa kulia unasikika hafifu. Ikiwa kulia nasikia kidogo, basi kulia nitaongeza, na wimbo utaegemea huko huko. Hesabu ilikubali. Nikampigia simu nikamwambia kosa si lake wala langu, ni la hedifoni. Zimechoka.



"Basi tukanunue nyingine," alisema. "Tuchague pamoja. Halafu unimiksie upya wimbo mmoja tu. Ukikaa sawa, narudi nyumbani. Usipokaa sawa, Kijiko anataka jibu langu Jumamosi."

Kijiko ni prodyuza mwenye studio yenye kiyoyozi na milango miwili, na anamtaka Chiriku akarekodi kwake. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna chungu cha mtu asichokikoroga.

Tulikutana dukani kwa Mama Nyaya, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa spika. Chiriku alikuwa amefika kabla yangu. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani.

"Karibuni, wanangu," Mama Nyaya alisema. "Mnataka vya harusi au vya msiba?"

"Vya studio, mama," nikasema.

"Studio iko wapi?"

"Chumbani."

"Sasa chumbani mkiweka studio, mnalala wapi?"

"Siku hizi anayelala ni mmoja," Chiriku alisema.

Mama Nyaya alinitazama, akamtazama, kisha akaanza kufuta vumbi kwenye kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Chiriku alikuwa ameshaona alichokitaka: spika mbili ndogo za studio, nyeusi, zimekaa kwenye rafu kama ndugu.

"Hizi," alisema.

"Chumba hakiziruhusu."

"Chumba kimesema?"

Nikamweleza. Spika za studio zinataka nafasi. Zikae usawa wa masikio, mbali na ukuta, na umbali wa kichwa chako hadi kila spika ulingane na umbali wa spika hadi spika. Meza yetu imebanwa kati ya kitanda na kabati, na nyuma yake ni kona. Kona huvimbisha besi. Ukisikia besi imevimba unaipunguza, na wimbo ukitoka nje ya chumba hicho unakuwa mkavu kama mfupa.

"Umemaliza?"

"Tena jirani ana mtoto mchanga."

"Hedifoni ni za mtu mmoja, Mwalimu," alisema. Akiniita Mwalimu najua nimefeli. "Nilitaka tusikilize wote."

"Kwa kiasi cha pesa tulicho nacho, hedifoni ndizo zitakazosema kweli zaidi."

"Sijakuuliza habari ya kiasi."

Nilikuwa na hoja zote mfukoni. Hakuna hata moja iliyomfanya atabasamu.

Mama Nyaya, aliyezoea kuokoa biashara, akaniletea hedifoni nyekundu zenye nembo ya radi.

"Hizi zinapiga mpaka meno yanacheza."

"Sizitaki, mama. Hizo zimeongezwa besi kusudi zimpendeze mnunuzi. Kila utakachotia ndani kitatoka kitamu. Mimi nataka zisizosifia. Kilicho kibaya ziseme kibaya."

"Kumbe unatafuta mama mkwe."

Chiriku alicheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikatokea puani. Nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Nilijikuta nimesimama wima zaidi.

"Zipo?" nikauliza.

"Mama wakwe hawakosekani," alisema Mama Nyaya, akaenda nyuma.

Alirudi na hedifoni tatu za bei ya chini. Moja ilikuwa imefungwa mgongoni, nzuri kwa kurekodi kwa sababu sauti haivuji kuingia kwenye maiki. Mbili zilikuwa na matundu mgongoni. Hizo zinavuja, lakini masikio hayachoki upesi, na sauti inatandaa kama iko chumbani. Za kumiksia ni hizo.

Nilikuja na kipimo changu. Kwenye simu nilikuwa na sauti ya Chiriku peke yake, bila gitaa wala ngoma, niliyoirekodi kwa maiki moja. Sauti ya namna hiyo inatoka sawasawa pande zote mbili. Hedifoni ikiwa nzima, lazima isimame katikati ya kichwa, kati ya jicho na jicho. Ikisogea, hedifoni ni mbovu.

Nikavaa za kwanza. Sauti ya mke wangu ikaanza kuimba, ikasogea kushoto.

"Hizi upande wa kulia umelegea," nikasema.

"Zimefunguliwa sasa hivi," alisema Mama Nyaya.

"Nipe hizo nyingine."

Za pili, vilevile. Kushoto imejaa, kulia hafifu.

"Na hizi."

"Na hizi nini?"

"Kulia."

Mama Nyaya akavua miwani yake. "Baba, hizi zimetoka kiwanda kingine kabisa. Wamepigiana simu?"

Chiriku akazichukua za pili akazivaa yeye. Alifumba macho, kichwa akakiinamisha kidogo kama afanyavyo anapoimba.

"Mbona ziko sawa?" alisema. "Niko hapa hapa katikati."

"Sikiliza vizuri."

Nililisema kabla sijafikiri. Uso wake ukajifunga kama dirisha.

"Nimesikiliza vizuri," alijibu taratibu. "Au nina nta?"

"Nyani haoni kundule," Mama Nyaya alisema, bila kumtazama mtu yeyote, akajifanya anakunja mfuko.

Nikavaa za tatu. Kulia hafifu.

Hapo ndipo mafunzo yangu yaliponigeuka. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba vipimo vitatu vikitoa kosa moja, kosa haliko kwenye vitu vinavyopimwa, liko kwenye chombo cha kupimia. Chombo cha kupimia kilikuwa kimoja tu pale dukani, na kilikuwa kimeota pande mbili za kichwa changu.

Jaribio lake ni jepesi, mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya. Nikazivua hedifoni, nikazigeuza, spika ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto ikaja kulia. Kama ubovu ni wa hedifoni, ungehama pamoja nazo.

Haukuhama.

Nikazigeuza tena. Haukuhama.

Sauti ya mke wangu ilikuwa pale, kushoto, wazi na karibu. Kulia kwangu alikuwa kama mtu anayeimba nyuma ya ukuta.

"Mbona unazigeuza?" Chiriku aliuliza.

"Napima."

"Umepata nini?"

Nilikuwa na jibu sahihi, kamili, lililothibitishwa mara mbili. Ningelisema pale pale, hadithi hii ingeisha leo. Lakini nilimwona amesimama na mkoba wake kifuani, na mtu niliyemwambia ana nta alikuwa yeye. Nikafikiri: nani atamwachia sauti yake fundi mwenye sikio moja, na Kijiko anasubiri Jumamosi? Nimalize kazi kwanza. Akishausikia wimbo umekaa sawa, nitamwambia.

"Ziko sawa," nikasema. "Zile mbili za kwanza zilikuwa hazijakaa vizuri kichwani."

Mama Nyaya alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafunga hedifoni za tatu kwenye boksi.

Nje ya duka Chiriku alinigusa mkono kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Nimependa umekubali kwamba zilikuwa sawa," alisema. "Zamani ungebishana mpaka duka lifungwe."

Uongo wangu wa kwanza ndio aliousifia.

Kesho yake nilikwenda kliniki ya masikio. Mtaalamu, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alinifungia kwenye kijumba kidogo akaniambia nibonyeze kitufe kila ninaposikia mlio. Kushoto nilibonyeza bila kupumzika. Kulia nilikaa na kidole hewani mpaka nikadhani mashine imezimika.

"Mashine inafanya kazi?" nikauliza.

"Inafanya," alisema kwa upole ulionitosha.

Aliniambia ukiziwi wa namna hii huja polepole, na sikio zima hulifichia siri sikio bovu, jirani yake. Hautarudi nyuma. Sikio la kushoto ni zima, nilitunze. Nivae kifaa cha kusaidia, na nije tena.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani huwauliza wote.

"Nyumbani, mezani, nani hukaa kulia kwako?"

"Mke wangu."

"Amewahi kulalamika kwamba anasema nawe humjibu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya homa, kelele na dawa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimwangalia kijana wa watu mpaka akanisogezea karatasi laini, na hapo ndipo nilipojua kwamba nalia.

Mwaka mzima Chiriku alikuwa ananiambia habari zake wakati wa chakula. Habari za wateja, za mama yake, za wimbo uliomjia njiani. Mimi nilikuwa natafuna.

Nilirudi nikafanya kazi.

Mafundi wa muziki wana usemi wao: miksi kwa masikio, usimiksi kwa macho. Nilipoacha ualimu niliushika usemi huo kama dini, nikaona nikitazama mita, ile mistari inayoonyesha nguvu ya sauti ya kila upande, nitabaki mwalimu wa hesabu milele. Kwa hiyo nilikuwa nimeizima mita kwenye kompyuta. Mimi, wa kuamini vipimo, nilikizima kipimo pekee ambacho hakina masikio.

Nikaiwasha. Nikapiga wimbo wa mwisho tuliougombania. Mstari wa kulia ukapanda juu, wa kushoto ukabaki chini kama mtoto wa kambo. Nikapiga wa kabla yake. Vilevile. Wa kabla yake. Vilevile. Alikuwa sahihi katika kila wimbo.

Kuufanya upya haikuwa miujiza. Nilimweka Chiriku katikati kwa mita. Kila ala nikaisikiliza kwa sikio la kushoto, kisha nikazigeuza hedifoni nikaisikiliza tena kwa sikio lile lile, mpaka pande zote mbili zikatoa hesabu moja. Nikaziunganisha pande mbili kuwa moja, nikaangalia kama kuna kinachopotea. Hakikupotea kitu. Kwa mara ya kwanza nilimiksi wimbo bila kujiamini hata kidogo, na ulikuwa wimbo bora kuliko zote nilizowahi kutoa.

Jumamosi mchana Chiriku alikuja. Mkononi alikuwa na begi moja kati ya yale mawili. Sikuuliza. Nusu ya mke ni zaidi ya sifuri.

"Hujambo," alisema.

"Sijambo. Karibu kwako."

"Tutaona kama ni kwangu."

Akakaa kwenye kiti changu, akavaa hedifoni. Nikabonyeza.

Sikuwa nasikia anachosikia, nilikuwa natazama tu uso wake. Mwanzo ulikuwa uso wa mkaguzi. Ilipoingia sauti yake, nyusi zikapanda. Ilipofika kiitikio aliweka kiganja juu ya meza, taratibu, kama mtu anayehakikisha meza ipo.

Wimbo ulipokwisha hakuzivua.

"Nimesimama katikati," alisema.

"Ndiyo."

"Na gitaa halinikanyagi."

"Halikukanyagi."

"Hedifoni zimefanya kazi." Akazivua, akazilaza juu ya meza kwa adabu. "Mume wangu, kumbe kweli zilikuwa ni zile za zamani. Na mimi nimekusema kwa watu mpaka aibu."

Aliniita mume wangu. Nilikuwa nimepanga sentensi yangu tangu asubuhi: kuna jambo nililikuta dukani sikukwambia. Nikafungua mdomo.

Lakini aliinuka akaja kukaa kitandani, nilipokuwa. Akakaa kulia kwangu, kama mezani, kama siku zote. Nje, fundi wa mageti akawasha mashine yake ya kukatia vyuma. Chiriku akalaza kichwa kwenye bega langu, uso akaugeuzia ukutani, akasema kitu.

Nilihisi pumzi yake kwenye shati. Nilihisi bega likitetemeka kidogo kwa sauti yake. Maneno sikuyapata, hata moja. Nilijua tu kwamba ni swali, kwa sababu alipomaliza alitulia, na mwili wake wote ukawa unasubiri.

Ningesema: rudia. Lakini mwaka mzima nilikuwa mtu wa kusema rudia, ama wa kutosema kitu. Leo, baada ya wimbo ule, na kichwa chake begani, nimtie tena neno hilo masikioni? Nikapiga hesabu. Mwanamke amekuja na begi. Ameniita mume wangu. Amelaza kichwa. Anaweza kuuliza nini? Nirudi? Umenisamehe? Bado unanipenda? Maswali yote niliyoweza kuyafikiria yalikuwa na jibu moja.

"Ndiyo," nikasema.

Kichwa kikaondoka begani.

Aliinuka polepole sana. Aliponigeukia, uso wake haukuwa na hasira. Ningeijua hasira. Ulikuwa mtupu, kama chumba kilichohamwa.

"Angalau hukunificha," alisema.

"Nini?"

"Nashukuru. Nilidhani utakataa."

Akachukua begi. Nikasimama, nikamfuata hadi mlangoni, nikamshika mkono, akautoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, bila nguvu.

"Chiriku, ngoja. Sikusikia ulichosema."

Alisimama. Safari hii aliniangalia usoni, na nilimsikia vizuri, kila herufi.

"Swali hukulisikia," alisema, "lakini jibu ulikuwa nalo."

Alivuka barabara bila kugeuka. Nilimwita. Fundi wa mageti alikuwa anakata chuma, na sijui kama sauti yangu ilimfikia.

Nilirudi ndani. Nilipiga simu yake, ikaita, haikupokewa. Nikapiga tena, ikazimwa. Nilikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto lake, nikapitia upya yale maswali yangu moja moja, nikitafuta ni lipi ambalo ndiyo yake inaweza kumfukuza mtu. Sikulipata.

Kabla jua halijazama simu yangu iliita. Nilijua ni yeye. Hakuwa yeye, alikuwa dada yake.

Nikaiweka simu sikio la kushoto.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa na mgonjwa. "Mimi nakusema mengi, lakini hili sikuliamini. Kijiko alipolileta hapa nilimfukuza. Na huyu mdogo wangu alikutetea kwa kila mtu, mpaka kwa mama. Akasema, nitamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, na atacheka."

"Kuuliza nini?"

"Usinifanye mtoto. Ana umri gani?"

"Nani?"

"Mtoto wako wa nje. Si umekubali mwenyewe leo, kwa mdomo wako?"

Niliushika ukingo wa meza. Hedifoni zilianguka sakafuni na sikuziokota.

"Shemeji, nakuapia. Sina mtoto wa nje. Sijawahi kuwa naye."

Nyuma ya dada yake nilimsikia Chiriku. Alikuwa amekaa karibu, anasikiliza.

"Basi mwulize," sauti yake ilisema kwa mbali. "Kama hana, kwa nini alisema ndiyo?"